Karafuu Zikitoka: Harusi, Kanga na Madeni ya Msimu Zama za Wakoloni



Wiki tatu nyuma alinijia mama mmoja kutoka Pemba, kabeba satini ya krimu ndani ya mfuko wa plastiki na picha ya gauni kwenye simu. Binti yake anaolewa. Tukapima, tukakubaliana lesi ya mikononi na shanga za kifuani, nikamtajia bei. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe nishonee tu. Pesa yako nitakuletea karafuu zikitoka."

Nikamwambia, "Haya mama, inshallah." Nikafungua daftari langu nikaandika. Alipoondoka nikalipitia daftari lote tangu mwanzo, na mashoga zangu, nilishtuka. Kurasa nne nzima ni watu wa karafuu zikitoka. Na hiyo lesi ya mikononi sikuinunua taslimu. Nimekopa kwa mwenye duka mjini, na yeye kakopa kwa anayeleta mzigo kutoka Dubai. Yaani sote, kutoka Dubai mpaka kwa bi harusi, tunaungojea mkarafuu mmoja ukauke kwenye jamvi.

Usiku ule nikamuuliza bibi yangu, je, maneno haya ya "karafuu zikitoka" ni ya lini? Akacheka. Akasema yeye kayakuta, na mama yake kayakuta. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Leo nataka niwasimulie nilichokipata, kwa sababu wengi wetu tunaambiwa kuwa wazee wetu walifilisika kwa harusi na ngoma. Mimi ninayekula kwa harusi nimeliangalia neno hilo kwa jicho la biashara, na naona halikukaa sawa.

Karafuu si mti wa asili wa kwetu. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan ndiye aliyewahimiza watu waupande kwa wingi. Mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja na kazi yake ilifanywa na watumwa. Mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikubwa kikaing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu hasa. Waingereza walipoiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, waliikuta nchi inayoishi kwa zao moja, nao wakaishi kwa zao hilo hilo. Mwanzoni ushuru wa forodhani ulikuwa robo ya karafuu. Katika kila pishi 4, moja ni ya serikali kabla mwenye shamba hajajua atavaa nini.

Sasa, kwetu hatuna sikukuu moja yenye jina la sikukuu ya mavuno. Msimu wenyewe ndio sikukuu. Unaanza Julai hivi na unaweza kufika Desemba au Januari, na katika miezi hiyo ndiko kila jambo lililokuwa likisubiri linakotupwa: harusi, khitma ya marehemu wa mwaka uliopita, maulidi ya kijiji, kumtia mtoto jando, kuezeka nyumba. Ngoma zikapigwa kwa sababu watu wamekusanyika na mifuko ina kitu.

Kusini Unguja, Makunduchi, iko siku inayojulikana zaidi, Mwaka Kogwa. Wengi tunaijua kwa picha za watu wanaopigana mabua ya migomba na kibanda cha makuti kinachochomwa moto, wanawake wakiimba huku wamevaa kanga mpya. Lakini kalenda yake ni ya wakulima na mabaharia. Mwaka ule una siku 365 kamili, na siku zinahesabiwa kwa makumi, miongo, ili mtu ajue wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Kwa kuwa hauongezi siku moja kila baada ya miaka minne, unarudi nyuma polepole. Siku hizi unaangukia Julai. Kwa hesabu hiyo, miaka 100 iliyopita ulikuwa Agosti, karafuu zimeshaanza. (Wapo masheikh wanaoukosoa Mwaka kwa mambo yake ya kimila. Hilo ni lao wenye elimu, mimi nazungumzia biashara yake.)

Sikukuu zetu mbili za dini, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, zinafuata mwezi. Kila mwaka zinasogea mbele ya msimu kwa siku kama 11. Basi mwaka ambao Sikukuu imeangukia ndani ya karafuu ulikuwa mwaka wa kheri kwa wenye maduka, na mwaka ambao imeangukia Machi au Aprili, karafuu zimekwisha na pesa zimekwisha, watu walivaa walichonacho au wakakopa. Mfanyabiashara yeyote wa nguo visiwani analijua hili mpaka leo bila ya kufundishwa.

Nije kwa wanawake, maana hapa ndipo nilipokaa sana.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka 1909. Baada ya hapo mwenye shamba hakuweza tena kumlazimisha mtu kuchuma, ilibidi amlipe. Malipo yalihesabiwa kwa pishi. Serikali iliogopa karafuu zisije zikaozea mitini, ikawatumia masheha wa vijiji kuwakusanya watu wa kusini na mashariki ya Unguja, wale ambao vitabu vinawaita Wahadimu, waende kuchuma. Ardhi yao ni ya mawe, mkarafuu haukubali huko. Wakaenda, na wanawake wakaenda pia, wakakaa kambini kwa wiki kadhaa, kisha wakarudi Makunduchi, Paje na Jambiani na pesa mkononi.

Kuchuma ni nusu ya kazi. Karafuu ikishuka inatakiwa itenganishwe na makonyo usiku ule ule, asubuhi ianikwe. Kazi hii ya kuchambua ilikuwa ya wanawake na watoto. Bibi yangu anaikumbuka kwa vidole vyake. Anasema walikaa kwenye ukumbi kuizunguka taa ya chimni, fungu moja huku, makonyo kule, hadithi zinaendelea, na mikono inanuka karafuu hata ukila ugali. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko ya mchumaji. Lakini zilikuwa pesa zake. Doti ya kwanza ya kanga aliyoinunua mwenyewe, si ya kupewa na baba wala na mume, ilitoka kwenye kuchambua, naye bado anaweza kukuelezea pindo lake lilivyokuwa.

Doti hiyo si jambo dogo, na inabidi nirudi nyuma kidogo. Zamani za utumwa nguo ilimtaja mtu. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, au kaniki, iliyochovywa ikawa ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi. Kanga ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 19. Utumwa ulipofutwa, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajitanda kanga, za rangi na maua, na baadaye zenye jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kilatini. Fikiria mwanamke ambaye mama yake alivaa kaniki maisha yake yote, na yeye anaingia harusini na doti mpya kaikunjua ile siku. Ofisa wa kikoloni aliona anasa. Mimi naona mtu anayewaambia jirani zake kuwa yeye ni mtu huru kama wao.

Maduka yaliielewa haja hii haraka. Kanga zilichapishwa Ulaya, Uingereza na Uholanzi zaidi, baadaye Japani na India, lakini michoro iliamuliwa na wanawake wa hapa, kwa kununua au kukataa kununua. Mchoro uliochelewa, ukafika Sikukuu imepita au msimu umekwisha, ulikaa dukani ukageuka hasara. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ilibaki ya bi harusi. Kwa hiyo kiwanda cha Ulaya, meli, bohari ya mjini na duka la Wete vyote vilisogea kwa saa ya mkarafuu na mwezi muandamo. Watu wanasema mkoloni aliiendesha biashara. Aliiendesha, lakini siku ya kuuza alipangiwa na sherehe zetu.

Na si kanga peke yake. Msimu ulimlisha fundi cherehani aliyekaa barazani kwa mwenye duka, mfua dhahabu, muokaji wa mikate ya kumimina, mchoraji wa hina, somo wa bi harusi, msuka majamvi ya kuanikia, mpigaji wa msondo. Wengi wa hawa hawana mkarafuu hata mmoja. Harusi ndiyo iliyozichukua pesa kwa mwenye shamba ikazigawa mlango kwa mlango. Bila ya harusi zingetoka kwa mwenye shamba moja kwa moja zikarudi kwa aliyemkopesha.

Hapa ndipo kwenye deni.

Mwenye shamba alihitaji pesa kabla ya kuuza: za kupalilia, za kuwalipa wachumaji, za chakula cha kambi. Benki haikuwa yake. Alikwenda kwa mwenye duka, mara nyingi Mhindi, na mwenye duka naye alikuwa kakopa kwa tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini ana mkono wake Bombay. Ahadi ilikuwa karafuu zenyewe, kwa bei iliyokatwa tangu mtini. Zikitoka, bei ya soko ikiwa juu, faida si yake. Bei ikianguka, deni linabaki pale pale.

Na kwa kuwa riba ni haramu, na kila mtu alijua kuwa ni haramu, watu walipitia kwenye bei ya hiyari. Mwenye shamba "anamuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha thamani ndani ya muda fulani, shamba linarudi kwake. Wakati huo huo anaendelea kulikaa shamba kama mpangaji na kulipa kodi ya kila mwaka. Kodi hiyo ndiyo iliyosimama pahala pa riba. Karatasi ni safi, mashahidi wapo, na mtu anapangishwa shamba alilolirithi kwa baba yake. Sitaki kuwahukumu, njaa na msimu vina nguvu. Ila nilipoisoma hii nikaona jinsi jina zuri linavyoweza kuvalishwa jambo gumu, na nikafikiria zile "huduma" na "ada" tunazokatwa tukikopa kwa simu.

Waliporudisha thamani, walirudisha kwa nini? Mara nyingi kwa dhahabu ya wanawake. Mwanamke wa Kiislamu ana mahari yake, ana mirathi yake, na mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ilikuwa ya wanawake kwa kurithi. Bangili na mikufu ilikuwa ndiyo benki ya nyumba. Msimu ukiwa mzuri zinanunuliwa, msimu ukiwa mbaya zinawekwa rehani kwa mwenye duka yule yule. Mkarafuu wenyewe una tabia yake, haubebi sawa kila mwaka. Unaweza kukupa mwaka mmoja hadi matawi yanainama, kisha ukakunyima miaka miwili. Harusi haiwezi kungoja miaka miwili.

Maofisa wa kikoloni wakayaangalia madeni wakatoa jibu jepesi: hawa watu wanafanya israfu. Wanakula na kuchezesha ngoma, wanaoza watoto kwa fahari, hawajui kesho. Neno hili lilisemwa tangu mwanzo wa himaya likarudiwa miaka nenda miaka rudi. Na sisi tumelirithi, tunaambizana wenyewe kwa wenyewe.

Kisha ikaja ile mdororo ya dunia ya miaka ya 1930 na bei ya karafuu ikaanguka vibaya. Mwaka 1933 serikali ikapata ripoti ya maofisa wake wawili, Bartlett na Last, juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikatoka sheria za kusimamisha kwa muda udaiwaji wa madeni na za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wengine bila ya ruhusa ya serikali. Chama cha wakulima wa karafuu, kilichoanzishwa 1927, kikapewa nguvu mpya. Mwaka 1936 rupia ikaondoka, ikaingia shilingi, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na mabibi zetu wakajifunza upya kuhesabu mahari. Mwaka 1937 sheria nyingine ikakifanya chama kile kuwa ndicho mnunuzi wa karafuu za kupelekwa nje.

Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa. Wenzao wa India, wakiungwa mkono na chama cha Congress, wakazisusa karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa mmoja wa wateja wakubwa kabisa. Mgomo ule ulikwisha kwa makubaliano ya Mei 1938. Nimeitafuta Sikukuu ya mwaka huo kwenye kalenda: Mfunguo Mosi iliangukia mwanzoni mwa Desemba 1937. Ramadhani nzima ilikuwa ndani ya karafuu. Huo ndio ule mwaka ambao kwa kawaida muuza kanga anaushukuru, na badala yake mnunuzi wa karafuu na mkopeshaji wa nguo wamesusa, kwa sababu walikuwa ni mtu mmoja.

Hilo ndilo lililonifungua macho. Mtu yule yule alinunua karafuu, aliuza kanga, alikopesha pesa na alishika bangili za rehani. Sherehe haikulizaa deni. Deni lilikuwepo tangu palizi, harusi ilikuja ikalikuta limekaa mlangoni. Unaweza kuifuta harusi yote, ukamuoza binti yako kwa kikombe cha kahawa, na bado mwakani utakopa pesa za kuwalipa wachumaji.

Siwatetei wazee kwa kila kitu. Bibi yangu mwenyewe anasema walikuwepo waliochinja ng'ombe kumkomoa jirani, kisha wakauza mikarafuu mitatu. Vilikuwepo vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa sare mpaka watu wakagombana na waume zao. Na leo naona mambo ninayoyanyamazia kwa sababu yananilisha: gauni la kuingilia, gauni la kukatia keki, gauni la usiku wa hina, yote ya mkopo, na mahari ya bi harusi mwenyewe ndiyo iliyoyalipia. Mahari ni haki yako wewe, dada yangu. Ukiniuliza mimi fundi, nitakwambia kanunue bangili kwanza, kisha uje kwangu na kilichobaki tushone hicho hicho. Nimeshawapoteza wateja wawili kwa kusema hivi.

Na nirudi kwenye daftari langu. Baada ya kusoma haya yote nilijiona nimekaa pahala pa yule mwenye duka wa Wete. Mjini wananidai, nami nadai. Shoga yangu mmoja anayeshona kama mimi ameniambia anayekopa hadi karafuu amuongezee kidogo juu, "kwa usumbufu." Wengi wanafanya hivyo. Nikakaa nikafikiri, hiyo kidogo ya usumbufu ina tofauti gani na kodi ya shamba lililouzwa kwa hiyari? Na bado lesi nadaiwa, na mwenye duka kanipigia simu mara mbili wiki hii.

Juzi yule mama kanitumia ujumbe wa sauti. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, karafuu zimo ndani hazijakauka, sauti yake ina haya. Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Gauni nimelimaliza, linaning'inia nyuma ya mlango na shanga zake. Nimemjibu amtume kijana aje kulichukua na boti ya asubuhi, karafuu azianike jua likitoka, na bei ni ile ile tuliyoiandika.